Limfoma ya Utumbo: Kisu Peke Yake Hakitoshi

Wanachama wenzangu, mwaka jana mtoto wa shangazi yangu, mwenye umri wa miaka saba, alianza kulia tumbo. Tulidhani ni minyoo, akanyweshwa dawa mara mbili. Tumbo likazidi kufura. Alipofikishwa hospitalini tuliambiwa utumbo umeziba, na kilichouziba ni limfoma ya Burkitt. Tangu hapo nimemuuliza mwalimu wa Bayolojia maswali hadi akanichoka.

Limfoma ni saratani ya chembechembe nyeupe za damu, zile zinazotukinga na magonjwa. Hii ina jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. (Huyo bwana alikuwa na jicho moja tu, na bado alipasua!) Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu wakiuliza hospitali hadi hospitali, wakaona ugonjwa umekaa kwenye joto na mvua, palepale penye malaria.

Sasa tiba. Mimi nilidhani uvimbe ukishakatwa, mambo yamekwisha. Kumbe sivyo! Kisu kina kazi yake: kufungua utumbo ulioziba, au uliojimeza kama mkono wa shati ulioingia ndani, na kutoa kipande cha kupimwa kwa darubini. Uvimbe mdogo hukatwa wote, utumbo ukashonwa. Ulioenea, daktari haung'ang'anii, kwa sababu kidonda kikubwa kitachelewesha dawa, na uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kwa hivyo kemotherapi ndiyo tiba hasa. Dawa ni kama siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Nyingine hudungwa uti wa mgongo ili saratani isijifiche ubongoni. Lililonishangaza ni hili: chembe zikifa nyingi kwa mpigo, takataka zake zaweza kuharibu figo. Ndiyo maana mgonjwa hutiwa maji mengi kwa dripu na kupewa alopurinoli kwanza. Nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda, na askari wa damu hupungua, hata homa ndogo tu ni ya kumkimbiza mtoto hospitalini.

Baada ya duru ya pili shangazi alitaka kuacha. Tumbo lilikuwa limenywea na nauli imekwisha. Daktari akamweleza kuwa chembe chache zilizobaki zingerudi kwa kasi. Jameni, tulichanga hiyo nauli. Mtoto amemaliza duru zote, anarudi kliniki kuangaliwa, na nywele zake zimeota.