Bomba la Moshi

Ni Juni. Usiku Kolwezi kuna baridi, na milango yote imefungwa. Baba amejenga jiko la kuni. Sasa akunja bati la paa kuwa bomba la moshi. Fundi amwambia:

"Acha, ndugu! Bati hili limepakwa zinki, kama ile ichimbwayo Kipushi. Zinki huyeyuka kwa digrii 420. Ikiungua hutoa moshi mbaya. Chuma huyeyuka kwa digrii 1538. Chagua bomba la chuma kinene, lisilopakwa kitu. Ziba viungo vyake, lipite juu ya paa."

Moshi una hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, asubuhi haamki.

Maswali: Bati limepakwa nini? Kwa nini tunaziba viungo vya bomba?