Elimu ya Afya: Maandalizi ya Sampuli na Usahihi wa Kipimo cha Haraka cha Malaria

Kipimo cha haraka cha malaria, maarufu kama mRDT, hutambua protini za vimelea vilivyomo katika damu. Usahihi wake hautegemei ubora wa kitendanishi pekee. Hutegemea pia namna sampuli inavyoandaliwa. Mtoto mwenye malaria akipewa jibu kwamba hana, hukosa dawa, na ugonjwa waweza kuwa mkali kwa haraka. Hivyo ni vyema kila mwananchi azifahamu hatua zifuatazo.

1. Pakiti. Isiwe imepita muda wake wa matumizi, na ifunguliwe wakati wa kupima tu. Unyevu huharibu kipimo.

2. Kidole. Kikishafutwa kwa spiriti, kiachwe kikauke. Spiriti mbichi huchanganyika na damu na kuiharibu. Kukamua kidole kwa nguvu nako huongeza majimaji ya mwili katika damu.

3. Kiasi cha damu. Vipimo vingi huhitaji mikrolita 5 tu, ndiyo maana hutumika kimrija maalumu. Damu ikipungua, vimelea vichache huweza kutoonekana. Ikizidi, wekundu hubaki kwenye kidirisha na kuficha mstari hafifu.

4. Kimiminika cha kipimo. Kila aina ya kipimo ina kimiminika chake na idadi yake ya matone. Maji, au kimiminika cha aina nyingine, si mbadala.

5. Muda. Majibu husomwa kwa muda ulioandikwa katika maelekezo, kwa kawaida kuanzia dakika 15 au 20. Kusoma mapema au kuchelewa mno hupotosha.

Mstari wa C usipotokea, kipimo ni batili na kirudiwe kwa kifaa kipya. Hata hivyo, mstari huo huonyesha tu kwamba kimiminika kimepita na kitendanishi kimefanya kazi. Hauthibitishi kwamba damu ilitosha. Mstari wa pili, hata ukiwa hafifu, humaanisha kuna malaria.

Mwananchi anao wajibu pia. Mweleze mtoa huduma iwapo umetumia dawa ya malaria majuma ya karibuni, kwani baadhi ya vipimo huendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Subiri majibu bila kumharakisha, na uliza usipoelewa. Homa ikiendelea baada ya jibu la kutokuwa na malaria, rudi kituoni mapema. Usinunue dawa kwa kubahatisha.