Kiungo cha Kivinjari na Faili la Ofisini: Maswali na Majibu

Swali: Ofisi ya Masumbwe, wilayani Mbogwe, ina majedwali ya hesabu za maduara, yaani mashimo ya wachimbaji madini, na ramani za leseni katika kompyuta moja. Kwa nini kiungo cha faili hizo hakifunguki ndani ya kivinjari?

Jibu: Anwani inayoanza na file://, ambayo imo katika kanuni za anwani za intaneti tangu Desemba 1994, hukielekeza kivinjari kwenye diski ya kompyuta yenyewe au kwenye folda inayoshirikiwa. Hata hivyo Chrome na Firefox hukataa kuifuata iwapo kiungo kimo katika ukurasa uliotoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, kwa sababu ukurasa wa mgeni usipozuiwa unaweza kuchokonoa mambo ya ndani ya mashine. Anwani hiyohiyo hufunguka ikiandikwa na mtumiaji mwenyewe katika upau wa anwani.

Swali: Je, faili hizo ziwekwe kwenye intaneti, ilhali bando ni ghali?

Jibu: Hapana lazima. Kompyuta moja ya ofisini inaweza kuwekewa programu ya seva, kisha nyingine zikaifikia kwa anwani ya ndani, kwa mfano inayoanza na 192.168, na data ikapita katika Wi-Fi au waya wa ofisi bila kugusa bando. Seva hutaja aina ya faili, kivinjari hupakua nakala, na mfumo endeshi huikabidhi nakala hiyo kwa programu iliyohusishwa na aina hiyo.

Swali: Mbona mabadiliko ya mhasibu hayaonekani kwa wenzake?

Jibu: Kwa sababu amehariri nakala iliyoshuka kwenye folda yake ya vipakuliwa, huku faili asili likibaki lilivyokuwa. Kiungo kinachoanza na ms-excel:ofe|u| na kufuatiwa na anwani kamili ya faili huiagiza Excel ilifungue moja kwa moja kwa ajili ya kuhariri, mradi seva iwe inakubali kuandikiwa, kwa mfano kwa itifaki ya WebDAV.

Swali: Kivinjari hujuaje kwamba jina kama ms-excel ni la programu fulani?

Jibu: Programu inaposakinishwa hujisajili kwa mfumo endeshi, ambao katika Windows huhifadhi usajili huo kwenye rejista, yaani ghala la mipangilio ya mfumo. Kiungo kikibofywa, kwa kawaida kivinjari humwomba mtumiaji ridhaa kabla ya kuiita programu. Fundi anaweza kusajili jina la ofisi yenyewe kwa njia hiyohiyo.

Swali: Je, njia hiyo ina hatari?

Jibu: Ipo. Mwaka 2022 ilibainika kwamba hati ya Word iliweza kutumia jina ms-msdt kuita programu ya Windows ya kuchunguza hitilafu, na kwa kupitia hiyo kuendesha amri za mshambuliaji. Kwa hiyo programu inayosajiliwa haina budi kukagua kila njia ya faili inayoletewa na kukataa lolote lililo nje ya folda iliyoruhusiwa.

Swali: Ofisi ndogo isiyo na fundi ichague lipi?

Jibu: Folda inayoshirikiwa, yenye nenosiri, ambayo kila mfanyakazi huifungua kwa kidhibiti faili cha Windows badala ya kivinjari, yatosha, kwa kuwa kila mmoja huhariri faili asili, wala hakuna ukurasa wa nje unaopewa mlango wa kuingilia.