Filamu gani, saa ngapi, kwa ajili ya nani?

Katika miji midogo na vijiji vingi vya Afrika Mashariki kuna banda la video. Ni chumba cha matofali au mabati, mabenchi machache, televisheni au projekta, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki: filamu za leo, saa na kiingilio. Mara nyingi filamu ni ya kigeni. Nchini Tanzania sauti ya mtafsiri, ambaye watu humwita DJ, huisimulia kwa Kiswahili. Uganda mtu huyo huitwa VJ. Siku ya mechi kubwa, filamu husogezwa ili mpira upite.

Ubao ule ni ratiba. Tukiusoma kwa makini unatuambia nani anatarajiwa kuja. Filamu ya mapigano inayoanza saa tatu usiku imewaita vijana wa kiume. Haikumkataza mama kuingia, lakini haikumwita.

Vikundi vingi vya maendeleo, shule, makanisa na misikiti sasa vina projekta au vinaweza kuazima. Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua filamu na kupanga saa ya kuionyesha, ili iwafikie wale waliokusudiwa.

MFANO WA KUJIFUNZA

Hebu fikiria kikundi kimoja katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Kijijini hapo mume akifariki, ndugu zake huja kuchukua nyumba, nyavu na mtumbwi. Wanakikundi wanaamua kuonyesha Neria, filamu ya Zimbabwe ya miaka ya mwanzo ya 1990. Inamhusu mjane ambaye shemeji yake anamnyang'anya mali, naye anakwenda kudai haki yake mahakamani. Ni chaguo zuri.

Wanatundika shuka jeupe uwanjani na kuwasha jenereta saa mbili usiku. Watu ni wengi sana, lakini karibu wote ni watoto na vijana. Wajane wako nyumbani. Wengine wanalaza wajukuu, wengine wanaogopa kurudi peke yao gizani. Wanaume, ambao ndio hukaa vikao vya urithi, wako ziwani wakivua dagaa kwa taa. Filamu ni ya Kiingereza, na watoto wasioielewa wanapiga kelele.

Katika taarifa yake kikundi kinaandika kwamba watu wengi walihudhuria. Ni kweli. Lakini mjane ambaye wiki iliyofuata alitolewa katika nyumba yake hakuiona filamu hiyo, na shemeji aliyemtoa hakuiona pia.

Filamu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ratiba.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamisionari lilisimamia jaribio la kuwafundisha Waafrika kwa filamu. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35 kuhusu mambo kama kilimo, afya na kuweka akiba posta. Gari lenye projekta na jenereta lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Jambo la kufundishwa, hata hivyo, lilichaguliwa na wageni waliosimamia kazi hiyo. Fedha zilipokwisha, kazi ilisimama.

Majumba ya sinema ya miji ya pwani yalifanya kazi kwa njia nyingine. Wenye Majestic na Empire za Zanzibar, na wenzao wa Dar es Salaam na Mombasa, waliishi kwa kuuza tiketi. Kwa hiyo walilazimika kuwajua watu wao. Walijua kwamba picha ya Kihindi hujaza jumba. Walijua kwamba sikukuu za Idi ni siku za watu wengi. Walijua pia kwamba wanawake wengi wa pwani hawangekaa gizani na wanaume wasio ndugu zao, kwa hiyo waliweka maonyesho ya mchana kwa wanawake peke yao. Pale ambapo nakala ya filamu ilikuwa moja tu, majumba mawili yaliweza kuitumia siku hiyohiyo. Rili ikimalizika kwenye jumba la kwanza, kijana aliipeleka mbio kwa baiskeli kwenye jumba la pili, ambako filamu ilianza baadaye kidogo.

Moja ya picha zilizopendwa sana ni Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Hakimu anamfukuza mke wake mjamzito kwa kumshuku, na mtoto anakua mikononi mwa mhalifu hadi anakuwa mwizi. Je, mtoto hurithi tabia kwa damu au kwa malezi? Filamu hiyo haikutengenezwa kama somo, lakini swali lake linamgusa kila mzazi.

Video ilipoenea miaka ya 1980, na televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, majumba mengi yalipoteza watazamaji na kufungwa. Mabanda ya video yalichukua nafasi yao. Lakini somo limebaki. Walioanzisha kazi ya Vugiri walijali mambo ambayo watu walihitaji kujifunza. Wenye majumba walijua watu wanapenda nini, na wanapata nafasi saa ngapi. Kikundi chenye projekta kinahitaji vyote viwili.

HATUA ZA KUFUATA

1. Anza na watu kabla ya filamu
Jiulizeni kwanza: tunataka nani aione filamu hii? Kisha chukueni karatasi kubwa na kuchora siku saba za wiki. Waulizeni wanawake, wanaume, vijana na wazee, kila kundi peke yake, wanafanya nini asubuhi, mchana, jioni na usiku. Wekeni alama kwenye siku ya soko, saa za kuchota maji na kupika, na saa za shule. Kumbukeni ibada: Ijumaa mchana kwa Waislamu, tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jioni kwa Wasabato, Jumapili asubuhi kwa Wakristo wengine. Wakati wa Ramadhani jioni ni ya futari na usiku ni wa tarawehe. Nafasi zitakazobaki wazi ndizo ratiba yenu.

2. Tafuteni mahali panapolingana na saa
Shuka la uwanjani linahitaji giza, na kwetu giza huingia kama saa moja usiku. Maana yake kila onyesho la uwanjani ni la usiku. Kama mnawataka wanawake au wasichana, onyesheni mchana ndani ya darasa au ukumbi, na mzibe madirisha kwa mikeka au mablanketi. Acheni nafasi ya hewa kupita. Mlango usizibwe, ili watu waweze kutoka haraka kukitokea moto. Jenereta likae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua.

3. Teueni kamati ndogo ya kuchagua
Watu watano au sita wanatosha, na angalau nusu wawe wanawake. Mtu mmoja akichagua, atachagua anachokipenda yeye. Kamati iitazame filamu yote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya siku yenyewe. Filamu nyingi zenye mwanzo mzuri zina tukio katikati ambalo halifai mbele ya watoto au mbele ya mtu na mkwewe. Waulizane:
- Je, lugha yake inaeleweka? Kama haieleweki, nani atasimulia?
- Ina urefu gani? Picha ya Kihindi inaweza kuzidi saa mbili na nusu. Watu watafika nyumbani saa ngapi?
- Inafaa umri gani?
- Je, kuna mtu kijijini atakayeona kwamba amesemwa au ameaibishwa?
- Je, watu wangeitazama hata kama haina mafunzo?

Swali la mwisho ni muhimu. Watu wakijua kwamba kila filamu yenu ni mahubiri au onyo, watakuja mara ya kwanza tu. Changanyeni filamu za mafunzo na vichekesho, hadithi nzuri na filamu za hapa nchini.

4. Pangeni mfuatano wa siku
Watoto watakuja hata kama hamkuwaalika. Wapeni filamu yao fupi mapema, kisha watangazieni kwamba zamu yao imekwisha na mhakikishe wamefika kwao. Ndipo filamu ya wakubwa ianze. Msiache majadiliano hadi mwisho, maana watu huondoka taa zikiwaka. Simamisheni filamu katikati, mahali ambapo mhusika anatakiwa kuamua, na muulize: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Dakika kumi zinatosha.

Msimuliaji naye ajiandae. Asimulie yaliyomo, asiongeze matusi wala mzaha juu ya mhusika anayeonewa. Sauti yake inaweza kuifanya filamu ya huzuni kuwa kichekesho.

5. Fuateni sheria
Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imekaguliwa, na mahali pa kuonyeshea pawe na kibali. Kenya, bodi inayohusika huipa filamu daraja: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Daraja hilo ni msaada kwa kamati yenu. Kumbukeni pia haki ya aliyetengeneza filamu. Kununua DVD kwa ajili ya nyumbani hakukupi ruhusa ya kuionyesha kwa umma. Andikeni kuomba ruhusa, na mtunze majibu.

6. Hesabuni vizuri
Msiandike jumla peke yake. Andikeni wanawake wangapi, wanaume wangapi, wasichana na wavulana wangapi. Kisha watembeleeni watatu ambao mliwataka na hawakuja, mwaulize kwa upole sababu. Majibu yao ndiyo yatakayorekebisha ratiba ijayo.

RATIBA MPYA YA KIJIJI CHETU CHA MFANO

Kikundi chetu cha mfano kinajaribu tena. Safari hii filamu ni ileile, lakini inaonyeshwa mara mbili.

Jumapili, saa nane na nusu mchana, darasani: filamu fupi ya katuni kwa watoto. Saa tisa: Neria kwa wanawake, ikisimuliwa kwa Kiswahili na mwanamke mwanakikundi. Wasichana wakubwa wawili wanacheza na watoto wadogo chini ya mwembe. Saa kumi na moja na nusu kila mtu amekwenda kupika.

Usiku wa mbalamwezi, saa mbili, uwanjani: Neria kwa wanaume na kwa yeyote anayependa. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo wanaume wako nchi kavu. Mwanga wa mwezi unaonyesha njia ya kurudi nyumbani. Mzee mmoja anayeheshimiwa katika vikao vya urithi ameombwa mapema aongoze majadiliano.

Watazamaji wa maonyesho haya mawili wakijumlishwa wanaweza kuwa wachache kuliko wale wa usiku wa kwanza. Kikundi kisivunjike moyo. Safari hii waliokaa mbele ya shuka ni wale ambao filamu ilichaguliwa kwa ajili yao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika mtaa au kijiji chenu, nani huamua filamu zitakazoonyeshwa? Anazipata wapi, na anaangalia nini anapochagua?
- Pitieni nje ya banda la video lililo karibu na msome ubao wake wa wiki nzima. Unawaita akina nani? Unawasahau akina nani?
- Je, watoto huingia usiku? Mnaweza kuzungumza na mwenye banda, bila kumlaumu, kuhusu onyesho la watoto la mchana? Yeye angepata faida gani?
- Taja filamu moja iliyokufanya ubishane na jirani yako kwa nia njema. Ilikuwa na nini?
- Ni nani mmoja ambaye mngependa aione filamu yenu ijayo? Siku gani, na saa ngapi, ana nafasi ya kukaa?

Anzeni na swali hilo la mwisho. Mkishajua jibu lake, ndipo mtafute filamu.