Daraja la Nne na Chuo cha Uuguzi

Mzazi wa Mkuyuni ambaye mwanawe amepata daraja la nne asiharakishe kuuza shamba ili amlipe dalali wa nafasi. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga hudai ufaulu, yaani D au zaidi, katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hivyo mwenye daraja la tatu asiyefaulu Fizikia hukwama pale ambapo wa daraja la nne hupita, ingawa nafasi hugombewa. Somo lililokosekana hurudiwa NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tunawasihi mhakikishe usajili wa chuo NACTVET kabla ya kulipa ada. Cheti cha chuo kisichotambuliwa hakimpatii mhitimu leseni ya uuguzi.