Pimeni Kabla ya Kulaumu Bodi

Kikundi kikiletewa kifaru cha kuchezea cha rimoti kinachovuta upande mmoja tu, msikimbilie kununua bodi. Inueni kifaru, minyororo isiguse kitu. Wekeni mita kwenye volti za DC, 20. Betri ya 7.2 ikiwa sawa, pimeni nyaya mbili za kila mota pale zinapotoka kwenye bodi, huku mwenzenu akisukuma rimoti. Linganisheni kushoto na kulia. Umeme upo na mota haizunguki? Ni waya, mota, au gia zimekwama. Haupo? Hapo ndipo bodi inashukiwa.

Mwendo wa polepole ukisoma volti 2 au 3 msishtuke: bodi hukatakata umeme haraka sana, mita ikaonyesha wastani. Lakini jamani, mita isiwe kwenye ampea! Ncha zikigusa nyaya hizo mbili ni shoti, na bodi ya mteja iliyokuwa nzima itaungulia mikononi mwenu.