MUMBAI, MJI WA WATU WENGI

Kisiwa cha Pemba na mji wa Mumbai, katika nchi ya India, vimejuana tangu zamani. Majahazi ya India yalikuja kwa kaskazi yakileta nguo, yakarudi kwa kusi. Na karafuu za Pemba ziliuzwa katika mji ule, ambao mpaka mwaka 1995 uliitwa Bombay. Siku hizi watu husafiri kwa ndege, wengine kwa biashara, wengine kumpeleka mgonjwa hospitali. Mwenye mgonjwa mkononi hana nafasi ya kupotea njia.

Kwanza yampasa mgeni kujua wingi wa watu. Ardhi ya Pemba ni kubwa kuliko ya mji ule. Lakini katika hesabu ya mwaka 2022 watu wa Pemba walizidi 500,000, na katika hesabu ya mwaka 2011 watu wa Mumbai walizidi 12,000,000. Zamani palikuwa na visiwa saba, vikaunganishwa kwa kujazwa udongo baharini. Kwa hiyo mji ni mrefu na mwembamba, na reli hupita humo toka kaskazini hata kusini.

Asubuhi umati huelekea kusini kazini, na jioni hurudi kaskazini. Basi mgeni asipande gari la moshi saa hizo, ila akilazimika. Kabla ya kupanda na aulize kama gari lile litasimama kituo chake, maana yako yaendayo mbio na kupita vituo vingine. Wanawake wana mabehewa yao. Akikaribia kushuka, ausogelee mlango mapema, wala asining'inie hapo. Tena asikatize reli kwa miguu: watu wengi hufa hivyo kila mwaka. Na apite darajani.

Bajaji zipo, lakini hazina ruhusa kuingia upande wa kusini wa mji. Huko hupandwa teksi.

Katika fedha, mgeni atasikia neno “laki”, nalo ni 100,000 kama kwetu. Lakini rupia moja ni sawa na shilingi nyingi za Tanzania. Asiyekumbuka hayo atadhani gharama ya hospitali ni ndogo, kumbe ni kubwa.

Mvua kubwa hunyesha Juni hata Septemba. Tarehe 26 Julai, 2005, sehemu moja ya mji ilipata milimita 944 kwa siku moja, na watu wengi wakafa. Mvua ikizidi, mgeni na abaki alipo, mahali pa juu.

Mwisho, aandike anwani ya nyumba anayokaa na kuichukua mfukoni. Kuuliza si ujinga. Na umati ule, ujapotisha, una taratibu zake. Azijuaye hufika salama.

MASWALI
1. Kwa nini mji wa Mumbai ni mwembamba?
2. Mgeni aulize nini kabla ya kupanda gari la moshi?
3. Kwa nini laki moja ya rupia si sawa na laki moja ya shilingi?